Jina Lililoguswa

Dambar aliingia ofisini bila kubisha, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imebeba chupa za maziwa ya kupimwa, na hivyo akaona asichotakiwa kuona.

Sabitri, karani mkuu wa kiwanda cha maziwa, alikuwa mbele ya kompyuta. Kidole cha kushoto kimekandamiza kitufe cha kontroli, mkono wa kulia unatembeza kipanya juu ya orodha ya wafanyakazi. Anagusa jina hapa, anaruka matano, anagusa jingine kule chini, na kila aliloligusa linabaki limewaka. Kisha akabonyeza mara moja, na majina yale yaliyotawanyika yakageuka manjano yote kwa pamoja. La Dambar lilikuwamo.

"Hujui kubisha?" Sabitri alikizungushia ukutani kioo cha kompyuta.

"Kwani nina mikono mingapi, madamu?"

"Weka chupa uende zako."

Akaenda, lakini moyo haukutulia. Orodha ile aliichapa mwenyewe mwaka juzi. Aliijua mstari kwa mstari. Huku akipima maziwa, alijaribu kuyakumbuka yale ya manjano. Wanapunguza watu? Haiwezekani, bila Purna mitambo haiwaki. Wachelewaji? Bi Devaki hajachelewa hata siku moja. Devaki, aliyefiwa na mume, akakaa siku kumi na tatu bila kuonja chumvi kama ilivyo desturi ya wafiwa, na mpaka leo anavaa nyeupe. Na Purna alifiwa na mama kabla ya mvua. Na Ganesh alifiwa na kaka...

Mrija wa kupimia ukamponyoka.

Wote walikuwa wafiwa. Keshokutwa wafanyakazi wangepakwa tika, alama nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso palepale kiwandani, kabla ya kufunga kazi kwa sikukuu ya Dashain. Aliyefiwa mwaka huo hapakwi, na kumwekea sinia la tika mbele yake ni kumdhalilisha. Basi Sabitri alikuwa anawatoa wafiwa. Sasa yeye Dambar amefiwa na nani?

Watu wa kwao hawampigii simu ya msiba mtu aliye mbali peke yake. Huambiwa mkubwa wake wa kazi, halafu hutumwa ndugu aje kumchukua, na njia nzima asiambiwe ukweli. Mama yake alikuwa na miaka sabini na miwili, moyo mbovu, huko milimani Okhaldhunga.

Akatoka nje akapiga simu.

"Shemeji, nipe mama."

"Mama?" Mke wa kaka yake akasita. "Mama amelala."

"Saa tano hii ya asubuhi?"

"Amechoka. Piga jioni."

"Mwamshe, shemeji."

Mbuzi akasikika akilia. "Chaji inaisha," akasema shemeji, na simu ikakatika.

Aliporudi mezani, Lokendra, anayepima naye maziwa, alikuwa anakata tango kwa chakula cha mchana.

"Kaka Dambar, uso umeganda kama mtindi! Wamekufukuza?"

"Niache."

"Usigande zaidi mpaka nirudi kutoka kwetu. Mzee kaninunulia beberu mweusi wa sikukuu. Juzi alinipigia kumsifu, hajanisifu mimi hivyo tangu nizaliwe."

Dambar hakucheka. Alirudi ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Madamu, mama yangu amekufa saa ngapi?"

Sabitri akashtuka. "Nani kakuambia?"

"Kompyuta yako."

Sabitri akakigeuza kioo. Mstari wa Dambar ulikuwa mweupe.

"Nilikosea," akasema. "Kipanya kiliteleza, nikagusa jina lako. Na programu hii ni kuukuu. Ukigusa kisanduku kimoja kwa makosa, huwezi kukiachia chenyewe. Unaviachia vyote, unaanza upya. Nilikuwa nimeshagusa kumi na tisa! Nikasema acha nipake vyote, chako nitakifuta baadaye. Ndipo ukaingia."

"Mbona ulikificha kioo?"

Kabla hajajibiwa, simu yake ikalia. Sauti iliyotoka ilisikika mpaka kwa Sabitri.

"Unamsumbua shemeji yako kwa nini? Ndiyo, nilikuwa msituni nakata majani ya mbuzi! Nilimkataza asikuambie, maana utaanza mambo yako ya daktari. Sikukuu unakuja au huji?"

"Nakuja, mama," akasema Dambar. "Nakuja." Akakaa bila kukaribishwa, akicheka na kufuta macho.

Hapo ndipo alipokitazama tena kioo. Chini ya mstari wake mweupe, kisanduku kilichofuata kilikuwa cha manjano. Hakuhitaji kulisoma jina.

"Baba yake," Sabitri akasema taratibu. "Alfajiri. Baba mdogo yuko njiani, anafika saa kumi. Ameomba asiambiwe na mtu mpaka aje. Na wewe unakaa naye meza moja, ningekuonyeshaje?"

Saa sita ilikuwa imepita Dambar aliporudi. Lokendra alikuwa amepanga vipande vya tango kwenye sahani, na pilipili pembeni.

"Haya, mfukuzwa, wamesemaje?"

"Hawajanifukuza."

"Basi kaa ule. Mbona unanitazama hivyo?"

Dambar akavuta kiti. Alitazama saa ya ukutani, akaisukuma bakuli ya chumvi mpaka mbele ya mwenzake.

"Ongeza," akasema. "Umeweka kidogo."