Kivuli Kifupi cha Soko Huria

Asubuhi ambayo Zawadi alizaa, Atuganile alikuwa amechuchumaa nyuma ya banda akikatakata mgomba wa kulishia, panga mkononi, kipande cha muwa mdomoni. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, jambo ambalo hapa Mpuguso, nje kidogo ya Tukuyu, huhesabiwa kama sikukuu. Akasikia kitu kimeanguka kwenye nyasi, puu! Akatema muwa, akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia bandani.

Ndama alikuwa jike. Alikuwa pia na miguu mifupi kama ya kigoda, paji la uso limetokeza kama ngumi, na alikoroma huku macho kayatoa, utadhani mzee aliyeshiba ndizi. Atuganile akampima kwa jicho: huyu anaweza kupita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama. Akapita. Chuchu hakuifikia, ikabidi akamuliwe dang'a kwenye bakuli.

"Ndaga, Kyala," Atuganile akamshukuru Mungu, maana shukrani haichagui kimo. Akampa ndama jina la Kibaba.

Jua likachomoza juu ya Milima ya Livingstone, na Zawadi akatoka nje akiwa na vivuli viwili. Kimoja kililala kulia, kimoja kushoto, kama suruali iliyoanikwa. Cha kushoto kilikuwa kirefu. Cha kulia kilikuwa kifupi kama cha mbuzi. Kibaba naye alikuwa navyo viwili, vyote vifupi. Atuganile akaviruka asivikanyage, akarudi kumalizia mgomba wake.

Kilichomkaa rohoni si vivuli. Zawadi hakuwa wake bado. Alikuwa ng'ombe wa mradi: unapewa mtamba, akizaa jike wa kwanza unamkabidhi jirani aliye nyuma yako kwenye orodha, na hapo ndipo mama mtu anakuwa wako kabisa. Ukishindwa kukabidhi, mama mtu anaondoka. Tangu mumewe afariki, Atuganile aliishi kwa maziwa ya Zawadi kama wengine wanavyoishi kwa mshahara.

Jirani wa nyuma yake alikuwa Esnath. Alifika kabla umande haujakauka, na kamba mpya ya katani begani.

"Mama Ipyana, nimesikia ni jike!"

"Ni jike, mwenzangu. Karibu umwone."

Esnath akaangalia. Akazunguka. Akaangalia tena kwa upande wa pili, labda huko ni mrefu zaidi.

"Gwe! Nimejenga banda, nimepanda majani, kumbe naletewa kigoda?"

"Kigoda kinachokula kidogo."

"Na kinachokoroma! Mume wangu anakoroma, ndama anakoroma, mimi nilale wapi?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Esnath akaacha kucheka. "Mwenyekiti atasema umemshindisha njaa Zawadi."

Na ndivyo alivyosema. Mwenyekiti wa kikundi, Hezron, alitangaza kikao cha Jumamosi alasiri, uani kwake.

Hezron ndiye aliyekuwa na dume. Zamani bwana mifugo Simon alikuwa akipita kwa pikipiki na mtungi wenye mbegu za madume ya mbali, kila msimu dume jingine. Kisha zikaja zile nyakati za kila kitu kuachiwa soko. Pikipiki ikakosa petroli, shamba la serikali likauzwa vipande vipande, na Hezron akamnunua dume wa mwisho aliyebaki pale. Akambatiza Soko Huria. Wiki hiyohiyo kikundi kikapata kanuni mpya: ng'ombe wa mradi apandwe na dume wa mwenyekiti, si mwingine. Ushindani, alisema Hezron, ni kitu kizuri sana, ila tuanzie kwingine.

Kwa hiyo Soko Huria akampanda mama yake Zawadi, Zawadi akazaliwa. Zawadi alipokua, Atuganile, mtu wa kufuata kanuni, akamfunga kamba akampeleka kwa Soko Huria.

Kufikia Ijumaa, ng'ombe wote wa kijiji walikuwa na vivuli viwiliviwili, na Mpuguso ikachangamka kama siku ya fainali. Kila jua lilipochungulia, watu walitoa ng'ombe nje mbio. "Wangu vyote virefu!" "Wa shemeji ana kimoja kifupi, njooni muone!" Kwaya ikaahirisha mazoezi. Mama wa maandazi akahamishia beseni lake njia panda, penye kivuli cha kutazamwa. Mzee mmoja alikwenda kumchukua tena fahali aliyekwisha kumuuza, akidai vivuli havikuwamo katika mapatano.

Simon, ambaye siku hizi alitembea kwa miguu, aliviangalia vivuli vya Zawadi akatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa zamani.

"Mama Ipyana, hiki ndicho tulichofundishwa chuoni kwa chaki! Kila ndama hupewa fungu moja na baba, fungu moja na mama. Akiwa na moja fupi haimdhuru, lile refu linambeba, wala humtambui kwa macho. Yakikutana mafupi mawili, anazaliwa kibete. Njaa haihusiki hata kidogo."

"La kulia ni la nani?"

"La baba."

"Na baba yake Zawadi tunamjua," alisema Atuganile. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyekwisha kushinda.

Jumamosi jua liliwaka, na watu walijaa mpaka juu ya mapaa ya mabanda. Atuganile akaingia na Zawadi kwa kamba, Kibaba akikoroma nyuma.

"Mwenyekiti, naomba Soko Huria atoke nje."

"Dume kapumzika," alisema Hezron.

"Atoke! Atoke!" watu wakaitikia kwa sauti ya kwaya, besi kwa soprano.

Hakukuwa na haja. Soko Huria alikwisha kunusa wageni. Alisukuma lango kwa kifua akatoka mwenyewe, mweusi, mkubwa kama lori la chai, na vivuli vyake vikatangulia: kimoja kirefu mpaka ukutani, kimoja kifupi kama cha mbuzi. Akapita karibu na Zawadi. Kile kifupi cha baba kikalalia kile kifupi cha binti, kikatoshea kama mfuniko na chungu chake. Kibaba akaja akasimama hapohapo juu, na vyake viwili.

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, filimbi, beseni la maandazi likapinduka. Esnath alimkumbatia Atuganile, kamba mpya ya katani ikawafunga wote wawili.

Hezron alipiga makofi pamoja na wengine. Akangoja wachoke.

"Nawashukuru. Tumeona, na hakuna anayebisha. Mama Ipyana hakumshindisha njaa ng'ombe, liandikwe hivyo. Ila kanuni inadai ndama anayekabidhika. Vivuli haikuvitaja. Basi Zawadi aende kwa Esnath, na Esnath, ukifika wakati wa Zawadi kupandwa, amlete kwa Soko Huria."

"Mwenyekiti," Simon akaita, "ukiwakutanisha tena hawa wawili, katika kila ndama wanne utarajie mmoja hivi!"

"Mmoja tu?" Hezron akacheka, na uwanja mzima ukacheka naye. "Niambie biashara gani nyingine siku hizi inakuachia watatu."

Watu walirudi makwao wakiimba.

Atuganile ndiye aliyempeleka Zawadi kwa Esnath, maana ng'ombe yule hakukubali mkono mwingine. Esnath aliipokea kamba akiangalia chini. "Maziwa ya Kibaba nitaleta kila asubuhi," alisema, na akaleta.

Siku Zawadi alipoanza kulialia akitaka dume, Hezron alituma ujumbe: waje, ila si wakati wa jua, Soko Huria siku hizi ana haya. Haikuwa shida. Tukuyu inaweza kukosa petroli, ikakosa sukari na chumvi. Mawingu haijawahi kukosa. Asubuhi iliyofuata Atuganile, akikata mgomba nyuma ya banda, aliwaona wakipita barabarani kwenye manyunyu, Esnath mbele, Zawadi nyuma, na nyuma yao ng'ombe wengine kwa foleni, hakuna hata mmoja mwenye kivuli.

Kibaba alipita chini ya lango bila kuinama, akamfuata mama yake.

Atuganile alimwacha aende. Akaendelea kukata, vipande vidogovidogo.