Barua Niliyoisafisha

Ofisini kwetu barua ya malalamiko haikuwa ikimfikia mkaguzi ikiwa na jasho la aliyeiandika. Ilikuwa ikipitia kwangu kwanza. Naipokea dirishani, naigonga muhuri, kisha naichapa upya: naondoa salamu za mistari minane, naweka koma, narudisha herufi zilizopotea njiani. Kazi hiyo tuliiita kusafisha barua. Nakala safi ndiyo iliyopanda ghorofani kwa mkaguzi. Karatasi yenyewe ilibaki kwenye droo yangu, na mgongo wake niliutumia kuandikia rasimu. Ofisi ya kulinda mazingira itatupaje karatasi ovyo?

Wenzangu waliniita Kamusi. Walikuwa wakinitania, nami nikalipokea jina kwa mikono miwili. Kosa la lugha huniwasha mwilini. Mlinzi wa getini alilijua hilo, kila asubuhi akanisalimia kwa makusudi, "Dada, kiti yako imefika?" ili tu anione ninavyokunja uso. Nilikunja kweli. Na nikamsahihisha kila siku, miaka sita.

Basi siku moja ikaja barua ya kikundi cha wanawake wanaofuga chaza kwenye mkono wa bahari, kule nyuma ya kiwanda cha ngozi. Mwenyekiti wa kikundi hicho ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Barua ilikuwa fupi: "Maji yamekufa upande wetu. Chaza hawanenepi, kaa hatuwaoni. Tunaomba mje mtazame." Bomba la kiwanda hawakulitaja. Mtu ukimwita aje aone, kwa nini umsimulie atakachokiona?

Nilicheka peke yangu. Maji yamekufa! Maji yana roho? Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyenifundisha maneno ya bahari, mimi nikiwa nimebeba ndoo nyuma yake topeni. Kuna bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Na kuna maji mafu, siku ambazo bahari huwa kama imechoka, haijai vizuri wala haipwi vizuri, mpaka mwezi ugeuke. Nikikosea alinifinya sikio. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema maji yamekufa. Nikaamua kwamba katibu wao, msichana wa juzi juzi, ndiye aliyeharibu. Nikatazama kalenda: mwezi ulikuwa wa siku nane. Maji mafu hasa! Nikajipongeza, nikachapa: "Upande wetu kuna maji mafu, chaza hawanenepi na kaa hawaonekani. Tunaomba mtutembelee."

Mkaguzi wetu ni mtu wa bara, mtaratibu, hana makuu. Aliniita akaniuliza, "Kamusi, maji mafu ndiyo nini?"

Nilimweleza kwa robo saa nzima. Hata mwezi nilimchorea.

"Kwa hiyo ni jambo la kawaida?"

"La kawaida kabisa. Linapita lenyewe ndani ya wiki."

Akaandika chini ya nakala yangu: "Hali ya kawaida. Faili lifungwe." Mimi ndiye niliyechapa jibu kwenda kwa kikundi. Wiki mbili baadaye nikachapa ajenda ya kikao cha kuongeza kibali cha kiwanda cha ngozi, miaka mitano mingine. Kwenye mstari wa malalamiko ya majirani niliandika "Hakuna", nikaendelea na chai yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumsalimia mama mdogo. Kwa kawaida hunipokea kwa matusi ya mapenzi, kwamba nimekonda, kwamba ofisi inanila. Siku hiyo aliitikia shikamoo kwa sauti ndogo, akaingia chumbani, akatoka na jibu letu.

"Nisomee," akasema.

"Mama, si unajua kusoma?"

"Nataka nilisikie kwako."

Nikasoma. Hali ya maji mafu ni ya kawaida na hupita yenyewe.

"Niliwasomea wenzangu hivi hivi," akasema. "Wakanicheka. Wakaniuliza, mwenyekiti, umekwenda kuishtaki bahari kwa sababu haikujaa? Wawili wamejitoa kwenye kikundi. Sasa niambie. Yule bwana wenu wa bara, hili neno kalitoa wapi?"

Nikalikunja lile jibu mara nne. Mama mdogo akavaa viatu vyake vya mpira na kunitupia vingine.

"Twende."

Maji yalikuwa yamepwa. Harufu ilitupokea kabla ya maji yenyewe, harufu ya yai bovu iliyochanganyika na dawa. Tope ambalo nililijua likiwa na mashimo ya kaa kila mahali lilikuwa laini, jeusi, bila shimo hata moja. Miche ya mikoko, ile ambayo samaki wadogo hujificha kwenye mizizi yake, ilikuwa imekauka kuanzia nchani. Mama mdogo akavuta moja ya zile kamba wanazoning'inizia chaza majini. Chaza mzima akiguswa hujifunga, huwezi kumfungua bila kisu. Hawa walikuwa wazi wote. Alipoitikisa kamba, maganda yaligongana, na hayakuwa na kitu ndani.

"Tulipoandika ile barua, kamba za huku mbele zilikuwa bado hai," akasema. "Tulisubiri mje mpime. Tukasema tukizihamisha, wataona nini wakija? Watasema tumezusha. Ndiyo tukaziacha."

Kamba zilikuwa themanini. Nilizitazama zote.

"Maji mafu hurudi yakawa maji," akasema. "Nilikufundisha hilo. Haya yamekufa. Na nilimwambia katibu aandike yamekufa, herufi kwa herufi."

Nimewahi kusikia watu wakisema wametamani ardhi ipasuke iwameze. Pale ardhi ilikuwa tope na ilikuwa tayari, magoti tu ndiyo yalikuwa yamezama. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba ni mimi, kwamba nilidhani katibu amekosea, kwamba hata kalenda niliitazama.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu mstari wa kwanza. Nani mwingine kule kwenu anajua maji mafu?"

Hakunifokea. Heri angenifinya sikio.

Tuliporudi nyumbani akanipa kalamu. "Kikao chenu lini?"

"Ijumaa."

"Basi andika. Na usinisahihishe."

Akasema, nami nikaandika. Alisema maji yamekufa tangu bomba la kiwanda lianze kumwaga maji ya buluu. Alitaja kaa, miche ya mikoko, samaki wadogo, kamba themanini. Baadhi ya sentensi zilianza huku zikaishia kule, na mkono uliniwasha, lakini nilizifuata kama zilivyo. Mwishoni akasema, "Andika hivi. Barua yetu ya kwanza ilibadilishwa, na aliyeibadilisha ni mtoto wa dada yangu, niliyemfundisha neno hilo mimi mwenyewe."

Nikaandika na hilo.

Jumatatu nilipanda ghorofani na karatasi mbili: barua yake mpya, iliyochapwa neno kwa neno, na ile ya kwanza niliyoitoa kwenye droo. Nyuma yake nilikuwa nimeandika rasimu ya orodha ya wino na klipu. Mkaguzi alisoma taratibu kama kawaida yake. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Hii sentensi ya mwisho," akasema. "Tunaweza kuitoa. Ya maji yote yako huku juu. Haya ni mambo ya familia yenu."

Nitasema kweli: nilitamani. Alikuwa ananifungulia mlango, na kwa nia njema. Nina mkopo wa nyumba, nina miaka kumi na mbili pale, na kubadilisha waraka wa raia ni kosa lenye kifungu chake, kifungu nilichokichapa mimi. Lakini bila sentensi ile, wakili wa kiwanda angeuliza swali moja tu: mwezi uliopita walisema ni maji mafu, leo wanasema yamekufa, waongo wakati gani?

"Ikae," nikasema. "Bila hiyo, barua zao mbili zinagombana."

Ijumaa kibali hakikuongezwa. Bomba liliamriwa kufungwa mpaka kiwanda kijenge mabwawa ya kusafishia maji yake. Wataalamu walikuja na chupa zao, wakapima, wakasema mkono ule wa bahari utahitaji miaka, hawakusema mingapi. Na mimi nilipewa barua yangu, isiyo na kosa hata moja la lugha, ya kuhamishiwa stoo. Sasa natoa kalamu na karatasi. Mlinzi wa getini amekuwa akinisalimia kwa Kiswahili fasaha tangu siku hiyo, na jambo hilo linaniumiza kuliko uhamisho.

Jumapili moja baada ya uhamisho nilikwenda kwa mama mdogo. Alikuwa uani anasugua kamba tupu kwa brashi. Bahari haiko tayari kuzipokea, lakini alisema kamba ikiachwa na uchafu huoza. Nikachukua brashi ya pili, nikakaa.

"Ile barua," akasema bila kuinua uso, "uliipeleka kama nilivyosema?"

"Sikugusa hata nukta."

"Hata pale nilipokosea?"

Nikaipitia yote kichwani, mstari kwa mstari. Sikuliona kosa.

"Ulikosea wapi?"

"Nilisema mtoto wa dada yangu." Akaichovya brashi kwenye ndoo. "Tangu lini nikakuita hivyo? Hapo ungeandika mwanangu."