Nimo

Fundi wa makochi alikuwa amefika kona ya tatu ya mto, sindano ndefu iliyopinda ikiwa imebanwa katikati ya meno, mama yake alipoita kutoka chumba cha pili.

"Umo?"

"Nimo," alijibu kwa pembe ya mdomo, akavuta uzi.

Mama alikuwa na mwaka wa pili kitandani. Miguu haikumtii tena, na macho yake yalitofautisha mwanga na giza tu, basi. Kila baada ya saa mbili ilibidi ageuzwe: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia. Nesi wa mtaa, aliyekuja kila Jumatano, alikuwa amelieleza jambo hilo bila kulipamba. Asipogeuzwa, ngozi ya nyonga itaoza, na kuoza kukifika mfupani mama hatapona. Fundi hakuwa na ndugu wala mke. Alihamishia kazi yake sebuleni, akachora jedwali la saa kwenye kipande cha ubao, na kwa miezi kumi na minne hakuruka hata mstari mmoja.

Jumamosi tu ndiyo iliyokuwa yake. Jirani mmoja alikuja kukaa na mama, naye Fundi akaenda kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la kinyozi, ambako watu kama ishirini walishindana kucheza poka. Mshindi aliondoka na kifaa cha nyumbani. Fundi alikwisha kushinda pasi mbili na birika la umeme.

Mchezo huo alijifundisha mwenyewe, kwa daftari. Aliandika kila karata aliyoshika na kila dau, na baada ya miezi akaona kwamba mwanzoni mwa mashindano, madau yakiwa bado madogo, watu husubiri karata nzuri na wanaona aibu kutolewa mapema. Basi yeye aliingia mapema na karata hafifu, saba ya pau na nane ya kopa, akasukuma vibao vyake vya dau mbele kana kwamba ameshika wafalme wawili. Wenzake walitupa karata zao. Karata zake zilirudi kwenye fungu zikiwa zimefunikwa, na hakuna aliyewahi kujua.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kila dau lilipopanda alimzungukia mchezaji mmoja mmoja na kumwuliza, "Umo?" Mtu alijibu nimo, au simo akatupa karata. Ndiyo iliyokuwa desturi ya ukumbi. Fundi alisema nimo kwa upole, bila kulikaza neno. Kinyozi alikuwa akisema hajapata kusikia uongo ulionyooka vile, na kwamba ndiyo maana zawadi zake ni pasi.

Kisha jirani akahama.

Jumamosi iliyofuata Fundi alimgeuza mama, akampa maji, akasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Alikusudia kutoka kwa nusu saa tu.

"Umo?" mama aliuliza.

"Nimo," alisema Fundi, akatoka.

Alirudi saa tisa alasiri. Kabla hajafungua mlango alimsikia mama akiuliza tena, na sauti ya Fundi mwenyewe ikajibu kutoka sebuleni, karibu na cherehani. Aliingia. Sauti ilikuwa hapo, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi, na chini yake hapakuwa na kitu. Fundi alileta kiti akakiweka mahali pake, kwa kuwa ilionekana vibaya bila kiti. Akafungua daftari, akaandika saa, mahali na neno. Lilikuwa neno moja tu.

Aliichunguza sauti hiyo kwa majuma matatu. Haikukauka, haikuchelewa kujibu, na mama aliridhika nayo. Mwezi wa pili Fundi akaongeza Jumanne, kwenye ukumbi wa wauza matairi.

Nesi ndiye aliyelitaja jambo hilo kwanza. Alikuwa amepita siku moja ya Jumamosi, akabisha hodi, akajibiwa nimo, akasimama robo saa akisubiri kufunguliwa. Jumatano, akiwa ameinama juu ya nyonga ya mama, alizungumza bila kumtazama Fundi.

"Nimeisikia sauti yako. Ina adabu. Ila haina mikono."

Akapima kidonda kilichokuwa kimefunguka hapo, akaandika kwamba kina upana wa kifuniko cha soda. Kisigino nacho kilikuwa kimeanza. Alimwambia Fundi kwamba kikiendelea hivi, mwezi ujao yeye atakuwa hana tena cha kupima. Fundi alisema Jumamosi atawahi kurudi.

Na kweli aliwahi. Siku hiyo ukumbini alikuja mwanamke mmoja mshonaji wa sare za shule, mgeni kabisa, akaketishwa mkabala naye. Katika mgao wa nne Fundi alipata tisa ya uru na nne ya shupaza. Akapandisha dau, akapandisha tena, mwishowe akasukuma vibao vyote. Mwalimu mstaafu aliyekuwa kulia kwake akatupa karata. Mshonaji akamwuliza kinyozi mtu akitaka kuona karata za mwenzake afanyeje.

"Hapa huwa hatuonani mapema hivi, mama," alisema mwalimu.

"Kwani kuona ni dhambi? Nimo."

Alikuwa na sita mbili. Fundi akafunua zake. Mshonaji akazitazama kama anavyotazama zipu ya mteja.

"Kumbe huna kitu, baba."

Mwalimu akacheka mpaka akatoa miwani. Kinyozi alimsindikiza Fundi mlangoni, akamwambia asijali, kesho Jumapili saa nne kuna mashindano ya ziada kwa wauza matairi.

Ilikuwa saa tano kasoro asubuhi. Fundi akaenda nyumbani moja kwa moja, akafungua mlango.

"Umo?"

"Nimo," alisema Fundi, na sauti ya kwenye kiti ikasema hivyo hivyo, wakati uo huo.

Mama akageuza sikio kuelekea mlangoni.

"Mko wangapi?"

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu yuko kwenye kiti chake. Nimekuwa naye tangu asubuhi. Wewe uliyeingia na viatu ni nani?"

Fundi alifikiria. Angeweza kumtajia mambo ya utotoni, jina la paka, kovu la goti. Lakini sebuleni sauti ilikuwa imekwisha kusema nimo mara nyingi kuliko yeye, na haikuwahi kwenda popote.

"Nimekuja kukugeuza," alisema.

"Umetumwa na nesi. Haya, karibu."

Akanawa mikono. Bandeji ilikuwa imegandana na nyama, akailowesha kwa maji ya chumvi na kungoja. Kidonda kilikuwa sasa na upana wa kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka, na katikati palionekana kitu cheupe.  Mama aligeuza uso kuelekea sebuleni.

"Mwanangu, mwambie huyu taratibu. Mikono yake mizito."

"Nimo," ilisema sauti.

"Anasema taratibu," mama alimwambia Fundi.

Alipunguza mkono. Ilimchukua karibu saa nzima kuisafisha nyonga, na ilipokwisha mama alikuwa akitetemeka. Akaomba kisigino kiachwe. Fundi akakifunika kwa kitambaa safi, akamlaza ubavu wa kulia, akaweka mto katikati ya magoti.

"Asante, baba. Mungu akulipe," alisema mama. "Na kesho utakuja kukimalizia kisigino?"

"Nitakuja," alisema Fundi, kwa upole, bila kulikaza neno.

Mama hakudai kuona karata. Alifumba macho, akaita "Umo?" na akajibiwa kutoka kwenye kiti.