Mlango wa Kulia

Baba mkwe wake hakuwa mtu wa kugawa neno "fundi" ovyo. Mzee alikuwa amezeekea gereji, na aliowaita fundi ni wale wachache tu ambao mikono yao ilimkaa moyoni. Kuna siku alikuja mtu kuziba bomba lililokuwa linavuja, na kabla hata hajafunga mfuko wake wa spana alikuwa ameshaitwa fundi. Lakini mkwe, anayetengeneza meno ya bandia, meno ambayo watu wanatafunia nyama na kuchekea harusini, alikuwa Bwana Meno tangu siku ya posa. Bwana Meno, karibu chai. Bwana Meno, sogeza kiti. Jamani, na yeye ana moyo!

Kwa hiyo mzee alipostaafu, mkwe hakwenda dukani kutafuta zawadi. Aliamua kuunda gari. Si la kupanda, bali la kukaa kiganjani, mfano kamili wa gari la mashindano ambalo mzee aliliunda na kuliendesha ujanani. Yalikuwa mashindano ya magari mawili kusimama sambamba kwenye barabara iliyonyooka, taa ikawaka kijani, na kufumba na kufumbua mambo yamekwisha. Gari lenyewe lilishakuwa chuma chakavu zamani. Zilibaki picha tu, ambazo mkewe, binti wa mzee, alizitorosha kwa mama yake ndani ya mkoba wa nguo. Safari hii, mkwe alijiambia, ataniita fundi akipenda asipende.

Juu ya meza yake ya kazi, katikati ya mataya ya plasta, gari likaanza kupata sura. Bodi aliichonga kwa nta, kisha akaimimina kwa plastiki ileile ya kutengenezea fizi, ikatoka ya waridi.

"Hilo gari au linacheka?" mkewe akamuuliza.

"Subiri rangi, mke wangu. Utajificha kwa aibu."

Akapiga msasa, akapiga rangi ya buluu, akapiga msasa tena, akapiga rangi tena. Matairi ya nyuma aliyafanya mapana, ya mbele membamba kama ya baiskeli. Waya za plagi alizitoa kwenye spika za masikioni zilizokufa, akazipitisha mojamoja kwa kibano huku amezuia pumzi. Parashuti ya kulisimamisha gari ilitoka kwenye bitana ya sketi ya mkewe. Ruhusa aliiomba baadaye.

Kitu kimoja hakukitilia maanani. Kwenye kila picha mzee ameegemea upande wa kushoto wa gari, na wa kulia hauonekani hata mara moja. Mtengeneza meno hilo halimsumbui. Kazini kwake, ukishaliona jino la kushoto, la kulia umeshalijua. Akaunakili upande wa kushoto, akaugeuza, akamaliza.

Jumapili wakaenda ukweni. Getini walimkuta jirani mmoja, mzee mwenzake, akimuaga baba mkwe: "Haya, Maziwa, tutaonana!" Wazee wenzake wote walimwita hivyo, na mzee hata chai ya maziwa haigusi. Ukimuuliza sababu, anakuuliza habari za kazi.

Sebuleni mzee akavaa miwani, akalipokea gari kwa mikono miwili. Akachungulia injini. Akaivuta kamba ya parashuti kwa ukucha.

"Waya za plagi zipo zote," akasema taratibu.

Akaligeuza upande wa kulia, na uso ukamshuka.

"Hili si gari langu."

"Lina kosa gani, baba?" mkwe akauliza.

Jibu lilitoka jikoni, kwa mama mkwe, aliyekuja na povu la sabuni mikononi.

"Mwambie mtoto ule mlango ulikuwaje! Au nimwambie mimi?"

"Mama, mambo ya zamani hayo..." mzee akamsihi mkewe.

"Alirudi nyuma akagonga nguzo ya geti, jioni ya kuamkia mashindano! Yeye, anayesema watu hawajui kuendesha! Mlango wa kulia ukawa kama sufuria iliyokanyagwa. Asubuhi akaazima mlango wa gari la muuza maziwa. Mweupe pee, umeandikwa MAZIWA SAFI!"

Binti akaziba mdomo. "Kumbe ndiyo maana wanakuita..."

"Watu wote wanapiga kelele, 'Maziwa! Maziwa!'" mama mkwe akaendelea. "Na siku hiyohiyo ndiyo akashinda, mara ya kwanza na ya mwisho. Kuanzia hapo, upande ule haupigwi picha."

Mzee alijaribu kununa. Mabega yakamtikisika, akajikaza, ikashindikana, akaangua kicheko mpaka miwani ikamdondoka.

"Una rangi nyeupe?" akauliza akijifuta macho.

"Ninayo ya meno kwenye mkoba wa kazi, baba. Ina umanjano kidogo."

"Hiyohiyo. Wenyewe haukuwa msafi sana."

Mkwe akaupaka mlango rangi, na ulipokauka, binti akatoa rangi nyekundu ya kucha mkobani, ya kuandikia. Mzee akachovya ncha ya sindano kwenye rangi, lakini ikacheza hewani. Akampa mkwe.

"Andika wewe. Mkono wangu siku hizi hauna breki."

Mkwe akaandika, herufi baada ya herufi, mzee amemwinamia begani.

"Ile S ilikuwa imechubuka. Punguza hapo chini, fundi."

Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Mkwe alikuwa ameshasikia. Lakini rangi ya kucha haisubiri mtu alie, akaichubua S kwanza, ndipo akainua mkono kujifuta uso.

Kabla hawajaaga, mzee aliondoa maua ya plastiki juu ya kabati la sebuleni, akaliweka gari pale, upande wa kulia ukitazama mlangoni, ili kila mgeni akiingia aanze na huo.