Kamera Iliyoona Ndani ya Nyumba ya Kimbo

Hassan Juma alikuwa mtu wa haki, na hakuna aliyeitangaza haki hiyo kuliko Hassan mwenyewe. Akimnunulia Tausi pazia huku Kamenu, mjini Thika, alikata kitambaa kile kile akampelekea Nadira kule Kimbo, Ruiru. Kilo ya nyama hapa, kilo ya nyama kule. Siku mbili hapa, siku mbili kule. Akikaa na wenzake baada ya swala alisema wake wawili ni mizani, na mkono wake hautetemeki. Wanaume walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyewauliza waliotiwa kwenye mizani.

Tausi hakuulizwa, ila alikumbuka. Alikumbuka Hassan alipokuwa kibarua wa kubeba ngozi mbichi, akinuka hadi paka wa mtaa wanamsindikiza mlangoni. Alikumbuka nani aliyekaa langoni mwa kiwanda cha mananasi na karai la mandazi, akikimbizana na askari wa manispaa, hadi akanunua cherehani. Kwa cherehani ile alishona sare za nusu ya watoto wa Kamenu, na pesa za sare hizo ndizo zilizomtoa Hassan kwenye kubeba ngozi, akaanza kuuza ngozi zenyewe. Ngozi zikazaa lori. Lori likazaa ploti ya Kimbo. Ploti ya Kimbo ikamzaa Nadira. Ndivyo mali inavyosafiri: hutoka kwenye mgongo wa mwanamke mmoja, ikafika kwenye kidole cha mwingine ikiwa pete.

Na cherehani? Mwaka mmoja mbaya, injini ya lori ilipokufa, Hassan alisema ameiuza apate spea. Tausi aliilia kama aliyefiwa, kisha akanyamaza, kwa sababu lori lilikuwa la wote.

Sasa Firdaus, binti yao, alikuwa anaolewa. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, na harusi isiyo na video ilikuwa kama harusi isiyo na pilau. Hassan alitangaza kwamba atanunua kamera ya familia, maana familia isiyo na kamera haina kumbukumbu. Tausi alijizuia kucheka.

Shida ni kwamba kamera haikatwi vipande viwili kama pazia. Kwa hiyo mtu wa haki aliwachukua wake zake wote wawili hadi dukani kwa Irshad, muuza redio na televisheni wa pale mjini, wakachague pamoja.

Nadira alikuja amevaa baibui jipya lenye nakshi mikononi, akamwamkia Tausi shikamoo ya adabu kabisa. Tausi aliitikia marahaba, na ndani yake kitu kikawaka. Wivu ni kama jiko la maranda: nje huoni moto, lakini weka mkono uone.

Irshad aliweka kamera mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kung'aa, yenye uwezo wa kumvuta mtu karibu kutoka ng'ambo ya barabara. Ya pili ilikuwa nene, nyeusi, haina mvuto, imekaa kama tofali. Aliziunganisha kwa waya na televisheni, akamwomba Nadira asimame nje kibarazani. Ile ndogo ilimwonyesha Nadira kwenye jua kama mwanamke wa kalenda. Hata nakshi za mikono zilihesabika. Hassan alitabasamu tabasamu ambalo Tausi alikuwa hajaliona nyumbani kwake tangu lori lianze kuzaa.

Nadira akasema basi ni hii, maana siku ya harusi yeye amepewa kazi ya kupokea wageni getini, na geti liko juani.

Hapo Tausi akaona harusi nzima ilivyokuwa inakwenda kumpita. Wanaume watakaa nje chini ya turubai. Wanawake watakuwa ndani, sebuleni mwake, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Humo ndimo Firdaus atakamovikwa, humo ndimo mama mzazi atakamolia. Kamera ikishindwa humo, mama wa bibi harusi atakuwa kivuli katika kanda ya mwanawe, na mke wa Kimbo atabaki aking'aa getini milele.

Akamwambia Irshad, "Mwanangu, hebu nipige mimi. Si hapa. Kule stoo."

Wakaingia stoo, katikati ya makatoni, chini ya balbu moja. Kamera ndogo ilimtoa Tausi kama doa jeusi lenye meno. Nadira alikohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Irshad akachukua tofali lake, akasogeza swichi fulani ubavuni, akampiga tena. Safari hii uso ulitokea wote: mikunjo, kidoti cha shavuni, hata uchovu.

Irshad akaeleza kwamba lenzi ya hii inakunywa mwanga mdogo ikatosheka. Nje pia ni nzuri, sharti tu mtu akumbuke swichi. Ina alama ya balbu na alama ya jua. Ukiwa ndani, balbu. Ukitoka, jua. Ukisahau, rangi zinaharibika. Hassan alikuwa ameshaanza kupatana bei, hakusikia. Tausi alisikia, na Nadira naye, ingawa alijifanya anatazama redio.

Hassan alinunua tofali. Ndoa ya binti ilikuwa ndani, hakuwa na la kubisha. Tausi alitoka dukani akitembea kama aliyeongezewa kimo.

Furaha hiyo haikuvuka barabara. Siku ile zamu ilikuwa ya Ruiru, na haki ni haki: kamera ikaenda kulala Kimbo pamoja na mwenyewe. Tena Hassan akasema ikae huko hadi Jumapili, wajifunze kuitumia kabla ya harusi. Tausi alikuwa amechagua jicho, likaenda kufunguliwa nyumbani kwa mwenzake.

Jumapili Hassan alirudi nayo, na Nadira, na mwanawe mdogo Fahim, akawakusanya ndugu na majirani sebuleni Kamenu waone maajabu. Waithira wa mlango wa pili, ambaye kila mtu alimwita Mama Ciku, alikuja na kigoda chake. Hassan akachomeka waya kwenye televisheni.

Ikatokea sebule ya Kimbo. Fahim anasukuma kigari. Nadira anaficha uso kwa leso. Na nyuma ya kamera, sauti ya Hassan inacheka, kicheko cha kijana, kile alichokuwa nacho akinunua mandazi langoni mwa kiwanda. Hicho ndicho kilichomchoma Tausi kwanza. Alidhani kicheko kile kilikufa kwa uzee. Kumbe kilihama.

Kisha kamera ikageuka kufuata kigari hadi kwenye kona, nyuma ya kochi, mahali pasipo na taa. Kamera ndogo ingeonyesha giza hapo. Hii ilionyesha meza ya cherehani iliyofunikwa kitambaa nusu, na droo yake, na badala ya kishikio cha droo, kile kigogo cha mbao kinachozungushiwa uzi, kimepakwa rangi nyekundu ya kucha. Tausi alikipigilia mwenyewe, akakipaka mwenyewe, Firdaus akiwa mchanga mgongoni.

Picha ilishapita. Watu walikuwa wanasifu. Tausi akasema polepole, "Baba Firdaus, rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha.

"Simamisha hapo."

Picha ikasimama ikitetemeka. Hassan alipoona anachokitazama mkewe, mkono wake, ule usiotetemeka, ulitafuta kitufe bila kukipata.

"Mama Ciku," Tausi akasema, "watoto wako walishonewa uniform wapi?"

Waithira alikaza macho. Akasema, "Ngai. Si kwa hiyo kitu iko hapo kwa TV."

Nadira alimgeukia mumewe, uso umebadilika. "Baba Fahim, uliniambia ulinunua kwa mnada."

Mtu wa haki alieleza mengi. Kwamba mnunuzi alishindwa kulipa, kwamba alitaka kuirudisha, kwamba nyumba ya Kamenu ni ndogo. Tausi alisema tu kwamba mwanawe hatatoka nyumbani kwa gauni lililoshonwa na mtu mwingine. Kesho yake lori lilelile lilileta cherehani, na Hassan aliibeba mwenyewe hadi ndani, jinsi alivyokuwa akibeba ngozi.

Siku ya harusi Tausi aliiweka katikati ya sebule, bila kitambaa, Firdaus akakalishwa mbele yake. Kwa kuwa mwanamume hawezi kupiga picha miongoni mwa wanawake, kamera aliishika Ciku, binti ya Waithira. Aliweka swichi kwenye balbu, na kila kitu kikaonekana: hina, machozi, shangazi wanaogombea soda, na kila mahali kigogo chekundu.

Kisha Hassan akanyoosha mkono nyuma ya pazia la mlango akiomba kamera, awapige wanaume, na Nadira pale getini, aliyekuwa amevaa nguo ya rangi ya dhahabu. Ciku akampa Tausi ampitishie. Tausi aliiona swichi. Kidole gumba kilikaa juu yake, kikasikia ubaridi wa plastiki. Akakumbuka kicheko cha Kimbo. Akaipitisha kamera kama ilivyo.

Walipoitazama kanda, ndani kulikuwa kweupe na kwenye uhai. Nje, kila mtu alikuwa wa buluu. Shehe wa buluu, pilau ya buluu, Hassan na kanzu yake kama mtu aliyeopolewa mtoni. Na getini Nadira, na dhahabu yake yote, kama maiti anayekaribisha wageni. Hassan aliapa kwamba kesho Irshad atamtambua.

Wengine wakicheka, Nadira alijisogeza karibu na mke mwenzake akiwa na birika, akammiminia chai.

"Dada," alisema chini chini, "ile swichi ilikuwa kwa balbu."

Tausi alikoroga sukari, akajibu.

"Na cherehani ilikuwa Kimbo."