Daraja la Saa za Kazi

Saa mbili kasorobo asubuhi msemaji alifika darajani na kiti chake cha plastiki, mwavuli, na chupa ya maji ya vuguvugu. Akafuta kiti kwa kitambaa, akaketi. Foleni ilikwishajipanga: mwalimu na mzigo wa madaftari, wauza mboga wawili, na mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kliniki ng'ambo ya mto.

Ilipotimia saa mbili kamili alisafisha koo, akafungua karatasi na kusoma: "Daraja ni zima na salama, na idara inalijali." Ubao wa kwanza ukaja mahali pake. Aliposoma sentensi ya pili, ukaja wa pili. Alipofika mwisho wa ukurasa, mbao zote kumi na moja zilizochukuliwa na mafuriko mwaka uliopita zilikuwapo, na watu wakaanza kuvuka. Naye akarudia ukurasa tangu juu, kwa kuwa akinyamaza zaidi ya pumzi tatu mbao huondoka.

Watu walikwishazoea. Siku aliyoshikwa na chafya, waliokuwa katikati walikumbatia vyuma vya pembeni, miguu ikining'inia, wakangoja amalize. Wakampa pole, wakaendelea na safari.

Msemaji hakuwa mwajiriwa wa idara. Idara ilikuwa imekodi kampuni ya uhusiano wa umma, na kampuni ndiyo iliyomweka pale. Mwenye kudadisi mambo hayo alikuwa seremala, ambaye karakana yake haikuwa mbali na mto. Wiki ya kwanza alikwenda na rula kupima mbao za maneno. Akagundua zina joto kidogo, kama karatasi iliyotoka kwenye mashine sasa hivi, na hazitupi kivuli majini. Kisha akaenda idarani kuomba aweke mbao za kweli. Gharama yake yote, alisema, haifiki wanachoilipa kampuni tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne.

Ofisa uhusiano wa idara, kijana mpole mwenye tai, alimfungulia jalada na kumwonyesha taarifa.

"Hapa imeandikwa daraja ni zima. Sasa mzee wangu, kitu kizima utakitengenezaje?"

Seremala akarudi nyumbani. Alipomsimulia mkewe, mkewe naye akamtegea kitendawili: namkanyaga wala simgusi, akifunga mdomo nazama. Seremala akajibu ni daraja. Akaambiwa atoe mji, akautoa, na mkewe akiisha kula na kunywa katika mji huo akamwambia ni msemaji, yule dada wa mwavuli.

Mkataba ulikuwa wa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja. Binti yao, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alishikwa na uchungu Jumamosi saa tatu asubuhi. Kuzunguka kwa barabara ya juu hadi kliniki ni mwendo wa saa tano, na maumivu yalikuwa yanakuja mbiombio.

Seremala alimkuta msemaji uani kwa jirani, alikopanga chumba, anafua. Hakukataa. Alikuja na kiti chake na povu mikononi, akasoma ukurasa mzima mara mbili, kwa sauti nzuri kuliko ya siku zote. Hata ubao mmoja haukuja.

"Hayajalipiwa, baba," akasema. "Maneno ya Jumamosi hayamo kwenye mkataba. Nisamehe."

Binti alikuwa amekalia kiti kile cha plastiki, ameuma ukosi wa gauni. Akauachia.

"Baba, huyu mtoto hajui siku za kazi."

Seremala akaenda karakana, akatoa mbao alizoziandaa kwa milango ya mteja, akazikata. Darajani msemaji alimshikia misumari. Ilipofika saa tano kazi ilikuwa imekwisha, na binti akavuka akimwegemea mama yake. Saa saba alijifungua mtoto wa kike.

Jumatatu msemaji aliposoma, mbao za maneno hazikupata pa kukaa. Zilizungukazunguka juu ya maji kama ndege waliokatiwa mti, zikaenda zao. Saa nne ofisa akaja. Hakuwa na hasira. Alizigongagonga mbao kwa kisigino, akasifu mkono wa fundi. Kisha akaeleza kwamba kampuni hulipwa kwa daraja linalosimama kwa taarifa. Likisimama lenyewe, mkataba unakufa, na jalada litaonyesha kuwa mwaka mzima idara ilitangaza uzima wa kitu kibovu. Tena, kupigilia misumari kwenye daraja zima ni kuharibu mali ya umma. Akaomba mbao zing'olewe.

Seremala akamtazama msemaji. Msemaji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mimi nalisha watoto watatu kwa ukurasa huu," akasema polepole.

Seremala aling'oa misumari mmoja mmoja, akainyoosha, akaitia koponi. Ukurasa ukasomwa, mbao zikaja.

Alasiri ile binti alirudi na mtoto kifuani. Mama yake, aliyetangulia kuvuka, alikaa karibu na msemaji ameshika kikombe, akimnywesha maji kati ya sentensi na sentensi ili koo lisikwame. Binti alipofika katikati ya daraja, mtoto akalia. Msemaji akainua macho, akataka kutabasamu, akajizuia, akashika mstari kwa kidole. Seremala alikuwa ameingia mtoni mpaka kifuani, chini ya mbao zile, mikono juu. Akakaa hivyo mpaka binti yake alipokanyaga udongo.

Mwezi uliofuata idara ilisikia malalamiko ya wavukaji na kurefusha mkataba hadi Jumamosi na Jumapili. Kampuni ikatafuta msomaji wa pili, mwenye sauti nzito na anayelifahamu daraja. Mteja wa milango alikuwa amehamia kwa fundi mwingine, na mjukuu alihitaji maziwa. Seremala akaandika jina lake.

Siku hizi yeye ndiye husoma mwisho wa wiki, miwani puani. Watu wengi huahirisha safari zao wangoje zamu yake, kwa sababu mbao zake huja na misumari.