Sifuri ya Kumlinda Merdi

"Na ya kulinda mutoto, tuandike ngapi?" Hilaire ananiuliza bila kuinua kichwa, bic juu ya karatasi, na mimi mwenye licence ya uchumi ya chuo kikuu cha Lubumbashi, mimi ninayepiga hesabu za depo ya saruji kila siku mpaka saa kumi, nashindwa kutaja namba moja, na namba anayoingoja naijua, ni sifuri, sifuri ya mwezi uliopita na ya mwezi uliotangulia, miezi kumi na minne ya sifuri, ndiyo maana kesho tunaweza kwenda kwa Papa Augustin, mzee wa reli, kumpa avansi ya kununua nyumba yake ya vyumba vitatu, bati nzima, kisima uani... "Blandine, unalala?" silali, nafikiri, "basi niandike zéro?" na kule mkekani mama yangu anautazama ukuta, Merdi miguuni pake, anautazama ukuta kwa sababu Hilaire ni bukwe wake, na kwetu mama hamtazami mkwe usoni, hali naye, hamwambii neno ila kwa kupitia mtu, na kulala chini ya bati ya mkwe, hilo usiseme, kwa hiyo mama yangu anakula jikoni nyuma ya mlango, anaoga kabla ya jua, na akitaka kumwambia Hilaire jambo anamwambia Merdi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiye na maneno kumi, "Merdi, ambia papa yako mukaa umekwisha", na Hilaire, kwa heshima zote, anamjibu Merdi... ningecheka, zamani nilicheka. Kwanza nilimwomba kwa ukweli, hilo angalau niandikiwe, likizo ya uzazi ilipokwisha nilikwenda mpaka Kambove nikamkuta sokoni kwenye meza yake ya samaki wa chumvi, nikasema Mama, kuja unilindie mtoto, akacheka mpaka Aicha wa meza ya pili akauliza kuna nini, "Huyu wangu alisoma mpaka akili ikaisha, anasema niende kuikala mu nyumba ya bukwe! Asubuhi na ndoo yangu ya kuoga nitapita wapi, weye Aicha, juu ya bati?" wakacheka wote wawili, nikarudi Likasi na samaki wanne wa bure na hesabu yangu, kituo cha watoto cha masista dola thelathini na tano na wanafunga saa nane, mimi natoka saa kumi, saa mbili hizo nani, yaya wa nyumbani sitini na chakula chake, na ukitoa sitini kila mwezi nyumba ya Papa Augustin inakimbia miaka mitatu mbele, na tungeweza kulipa, hapo ndipo penye uchungu, hatukuwa na njaa, tulikuwa na haraka tu. Juma lililofuata nikarudi Kambove na uso wa msiba. Nikasema docteur amesikia kitu moyoni mwa Merdi, kitundu, kidogo kama kichwa cha pini, asilizwe, asishikwe na mikono ya wageni, hata pini niliichagua vizuri, kitu asichoweza kukiona lakini anaweza kukiwaza usiku kucha, na docteur mwenyewe alisema nini, aliweka chuma chake kifuani pa mtoto akacheka, "Madame, huyu ni beki wa kulia," basi, hayo tu, na mimi nikaongeza usimwambie Hilaire, Mama, anafanya kazi chini ya ardhi, akishuka mgodini na mawazo ataumia, nikamfunga mdomo kwa huruma yake mwenyewe, na mama yangu hakucheka tena, alifunga samaki wake guniani, akamwachia Aicha meza amtunzie, akatoka kwenye likelemba, upatu wao wa sokoni, miezi miwili kabla ya zamu yake ya kupokea, akaja kulala chini ya bati ya bukwe. "Mais réponds, tantine, ujibu basi," Hilaire anatania, "ama tumulipe Merdi ajilinde yeye mwenyewe?" ngoja, nasema, ngoja kidogo... kila usiku Mama analaza sikio kifuani pa mtoto, kila Ijumaa anafunga kwa ajili yake, juzi Merdi alikimbiza kuku wa jirani akazunguka ua mara tatu, na Mama nyuma yake, "polepole, moyo, moyo", alipomshika pumzi ilikuwa imemkata yeye, si mtoto, akakaa chini na mkono ubavuni, na mtoto, hili ndilo linaloniamsha, mtoto akianguka siku hizi hashiki goti, anashika kifua, hajui neno mpira, anajua neno moyo, tumemfundisha ugonjwa ambao hana, na huko kazini nawaambia watu gharama usiyoiandika haifi, inahamia kwa mwingine, nawaambia kwa sauti ya mwalimu, kalamu sikioni... "Zéro," anasema Hilaire, anaandika, "Mama iko, tutalipa nani? Na chumba ya tatu ni yake. Merdi, ambia Kaku, chumba yake itaangalia ku jua," na anasema kwa moyo mweupe, ameshampigia hesabu ya pazia, ningependa awe mtu mbaya kidogo, ingenisaidia. "Merdi, ambia papa yako, Kaku anasema merci mingi," Mama anajibu ukuta, "ambia papa yako..." anakatiza, nasikia mkeka ukikwaruza, na ninajua kabla sijageuka kwamba amegeuka, amemtazama Hilaire usoni, na Hilaire kwa mshtuko ameinamisha macho kama mtoto, "Bukwe, unisamehe, leo haya naiacha. Nyumba ni muzuri. Lakini ingojee. Blandine iko na kitu anakufichaka, si ju ya ubaya, ju ya huruma, na miye nimechoka kubeba. Mukamate ile mali ya avansi, muipeleke kwanza ku docteur, batengeneze mutoto moyo," na anafungua fundo la kitenge chake, noti zimekunjwa ndogo sana, "na hii ya meza yangu, niliiuzisha kwa Aicha," aliiuza, miezi yote nilidhani inatunzwa, "Moyo gani?" anauliza Hilaire, ananiuliza mimi, na hapo hapo uwongo wa pili unafika, tayari, umevaa vizuri, sema kitundu kimejifunga, sema docteur amehakikisha juzi, ni Ijumaa zake zimefanya kazi, Mama atalia kwa furaha, Jumapili atatoa shukrani parokiani mbele ya watu wote, na sisi kesho tunakwenda kwa Papa Augustin, kila mtu anapata chake, hesabu safi kabisa, hakuna atakayejua, na Mama ananyoosha mkono wenye noti kuelekea kwangu, macho yamejaa pole, ananionea huruma, mimi, anadhani nimeteseka... "Mama, rudisha," nasikia sauti yangu, "Merdi haiko na kitu mu moyo. Hakukuwaka kitu. Docteur hakusema. Ni miye nilisema, ju nisilipe yaya."